Namna ya Kupima Upepo wa Tairi na Kuutunza: Mwongozo Kamili kwa Dereva wa Nairobi

Jumamosi, saa nne asubuhi, kituo cha mafuta. Magari sita yamepanga foleni ya upepo. Mhudumu anainama kwenye gurudumu la kwanza na kuuliza, "Mkubwa, niweke ngapi?" Dereva anajibu akiwa bado kwenye kiti: "Weka thelathini na tano, zote." Dakika mbili baadaye gari limeondoka. Hakuna aliyeuliza hiyo thelathini na tano imetoka wapi, wala kama tairi zile ni baridi au ndiyo kwanza zimetoka mbio Thika Road.

Maswali ninayoletewa na madereva hufanana. "Nilijaza upepo juzi, mbona tairi ya nyuma kushoto imelala tena?" "Tairi hazijamaliza mwaka na tayari zimeisha pembeni, katikati bado mpya." Nikifuatilia, nakuta mtu anayelijali gari lake na anayepita kwenye upepo kila mara. Tatizo ni kwamba anapima saa isiyofaa, kwa geji (kipimo cha upepo) ya mwingine, kwa namba aliyoisikia kwa rafiki, kisha haandiki popote.

Hatua zilizo hapa chini ni za gari dogo na pikapu ndogo. Zitakuchukua kama dakika kumi kwa wiki ukishazizoea.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Geji yako mwenyewe. Iwe ya dijitali au ile ya mshale, bora isome PSI, yaani pauni kwa inchi mraba. Usinunue ukaiacha nyumbani, ikae kwenye gari. Sababu ya kusisitiza "yako" ni hii: geji za mitaani huangushwa, hukanyagwa, na kila moja husoma kivyake. Geji yako hata ikizidisha PSI 1, itazidisha hiyo 1 leo na wiki ijayo, kwa hiyo bado itakuonyesha tairi ipi inapoteza upepo. Ukibadilisha geji kila wiki, hutajua kama kilichobadilika ni tairi au ni kipimo.

Kitu cha kuongezea upepo nyumbani. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari inatosha. Pampu ya kukanyaga kwa mguu pia hufanya kazi, ila utatoka jasho.

Maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, au kwenye kopo pamoja na sponji. Sabuni ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja kwa nusu lita ya maji.

Daftari dogo na kalamu. Simu pia inafaa. Watu hukiruka kifaa hiki, na ndicho kinachofanya vingine viwe na maana.

Ongeza kitambaa na vifuniko viwili vitatu vya akiba vya valvu (kile kishina cha kujazia upepo), kwa sababu hupotea.

## Hatua ya 1: Tafuta namba ya gari lako

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ambako mlango hujifunga, au kwenye ukingo wa mlango wenyewe, kuna stika inayoonyesha saizi ya tairi na presha yake. Magari mengine huiweka ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu magari mengi ya Nairobi yametoka Japani na stika ni ya Kijapani. Usiogope. Alama 前輪 ni magurudumu ya mbele, na 後輪 ni ya nyuma. Presha imeandikwa kwa kPa (kilopaskali), na mara nyingi pembeni kuna namba ndogo yenye nukta kama 2.3, ambayo ni kilo kwa sentimita mraba.

Kupata PSI, gawanya kPa kwa 6.9. Kwa hiyo 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35, na 250 ni 36. Stika nyingi zina mstari wa pili kwa gari lililojaa watu na mizigo, na hapo namba ya nyuma hupanda zaidi ya ya mbele. Andika zote.

Onyo: usichukue namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Utakuta maneno ya Kiingereza yakifuatwa na 44 PSI au 51 PSI. Huo ni upeo ambao tairi haipaswi kuuzidi, na haujui kama tairi imefungwa kwenye Vitz au kwenye gari zito zaidi. Anayejaza kufika hapo huendesha gari linaloruka kwenye kila tuta, tairi zikigusa lami kwa kipande chembamba cha katikati. Kwenye mvua ya Aprili hicho kipande hakitoshi kukusimamisha.

Kama stika imebanduka, angalia kitabu cha gari. Kama tairi ulizofunga si za saizi iliyo kwenye stika, mwone fundi wa tairi mwenye jedwali la uzito na presha. Hilo si la kukisia.

Umefaulu ikiwa una namba mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: mbele na nyuma. Zinaweza kuwa tofauti, na mwenye "zote thelathini na tano" hukosea papo hapo.

## Hatua ya 2: Subiri tairi iwe baridi

Namba ya stika ni ya tairi baridi. Baridi maana yake gari limeegeshwa kwa muda wa saa tatu au zaidi, au limetembea chini ya kilomita mbili polepole.

Tairi ikizunguka hujikunja na kujikunjua, mpira hupata joto, na hewa iliyofungiwa ndani hupanda presha. Safari ya kawaida ya barabara kuu huongeza PSI 4 hadi 6. Sasa fikiria gari lenye tairi za 27 zinazotakiwa ziwe 33. Unatoka Kitengela, unapanda Mombasa Road, unafika Industrial Area, unaingia kupima. Geji inaonyesha 32. Mhudumu anakwambia kwa nia njema, "Hizi ziko poa." Unaondoka na tairi iliyopungukiwa PSI 6, na umehakikishiwa kuwa iko sawa. Hiyo ni hatari kuliko kutopima kabisa, maana asiyepima angalau ana wasiwasi.

Kosa la upande wa pili ni kumwambia mhudumu atoe upepo kwa sababu tairi moto imesoma 37. Ikipoa usiku itabaki chini ya kiwango. Usipunguze upepo wa tairi iliyo moto.

Wakati mzuri ni asubuhi mapema kabla ya kuwasha gari, saa kumi na mbili au saa moja. Jua likishapanda, tairi za upande unaopigwa na jua husoma juu kuliko zilizo kivulini, nawe utadhani upande mmoja unavuja.

## Hatua ya 3: Pima

Egesha mahali tambarare. Fuata mpangilio uleule kila wiki: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, nyuma kushoto. Zunguka gari kama unavyozunguka meza, usiruke.

Futa valvu kwa kitambaa, fungua kifuniko ukitie mfukoni. Bonyeza geji kwa nguvu na kwa unyoofu, kwa mpigo mmoja. Utasikia "pss" fupi kisha kimya. Ikiendelea kulia, geji imekaa upande na unachosoma si cha kweli. Toa, rudia.

Soma mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya PSI 1, soma mara ya tatu na uchukue zile mbili zinazokaribiana.

Ukiwa umeinama hapo, pitisha macho na kiganja kwenye tairi. Tafuta msumari, mpasuko, na hasa uvimbe ubavuni. Uvimbe ni nyuzi za ndani zilizokatika, mara nyingi kwa kuingia shimoni na tairi yenye upepo mdogo. Tairi ya namna hiyo haitaki upepo, inataka kutolewa leo. Angalia pia vile vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji ya tairi: viko kwenye kimo cha milimita 1.6, na mpira ukilingana navyo tairi imekwisha.

## Hatua ya 4: Andika, kisha soma ulichoandika

Mstari mmoja kwa wiki unatosha: tarehe, saa, namba nne. Andika ulichokikuta kabla ya kuongeza upepo. Kilichobaki kinajisemea.

Tairi nzima, isiyo na tatizo, hupoteza PSI 1 hadi 2 kwa mwezi kupitia mpira wenyewe. Baridi nayo hushusha: kila joto likipungua kwa nyuzi 10, presha hushuka kwa PSI 1 au 2. Ndiyo maana mtu aliyejaza mchana wa Februari hukuta tairi zimelegea asubuhi ya Julai, ile yenye ukungu na manyunyu, na akaanza kumlaumu fundi.

Kanuni ya kusoma daftari ni kulinganisha tairi na wenzake. Zote nne zikishuka pamoja kwa PSI 1, hiyo ni hali ya hewa na siku kupita. Ongeza, endelea na maisha. Moja ikishuka peke yake, kwa mfano 33, 33, 33 na 30, hiyo ina tundu mahali hata kama kwa macho imesimama vizuri. Tairi za siku hizi haziaminiki kwa macho. Inaweza kupungukiwa na robo nzima ya upepo na bado ukaiona imara. Kuipiga teke hakukwambii chochote.

Wiki nne za daftari zitakufundisha juu ya gari lako mambo ambayo hakuna mhudumu anayeweza kukwambia, kwa sababu yeye hulikuta gari lako mara moja tu.

## Hatua ya 5: Ongeza au punguza

Ukiwa na kompresa, washa injini kwanza ili usimalize betri. Gari liwe nje. Ndani ya gereji iliyofungwa moshi wa injini unaua.

Kaza mdomo wa mpira wa kompresa kwenye valvu, ongeza mpaka upite namba yako kwa PSI 1, zima, toa mpira, kisha pima kwa geji yako. Usiiamini ile geji iliyo kwenye kompresa. Punguza kidogo kidogo kwa kubonyeza kisindano kilicho ndani ya valvu mpaka ufike namba. Kushuka kufikia namba ni rahisi kuliko kuitafuta kwa kupanda.

Kompresa ndogo hupata moto haraka. Ikishafanya kazi dakika kumi ipumzishe, na mdomo wake usiushike kwa vidole vitupu.

Huna kompresa? Nenda kituo cha mafuta kilicho karibu zaidi na nyumbani, asubuhi, lakini pima nyumbani kwanza. Tuseme umekuta 29 na unataka 33. Una upungufu wa 4. Ukifika kituoni, geji yako ikisoma 31 kwa sababu ya joto la njiani, mwambie mhudumu aongeze mpaka isome 35. Umeongeza 4 zilezile. Toka ndani ya gari, shika geji yako mkononi, mwombe kwa heshima: "Kaka, ngoja niangalie na hii yangu." Sijaona mhudumu aliyekasirika kwa hilo.

Rudisha kifuniko cha valvu. Vumbi na matope ya Nairobi yakiingia mle hukizuia kisindano kufunga vizuri, nawe umejitengenezea uvujaji.

Umefaulu ikiwa asubuhi inayofuata tairi zote ziko ndani ya PSI 1 ya namba yako.

## Hatua ya 6: Tafuta upepo unakotoroka

Hii ni ya tairi iliyoshuka peke yake. Ijaze mpaka namba yake, kisha pulizia maji ya sabuni kwa utaratibu: kwanza mdomo wa valvu, halafu shina la valvu, halafu sehemu yote inayogusa lami ukisogeza gari kidogo kidogo, mwisho ule mzingo ambapo mpira unakutana na rimu. Kila sehemu ipe dakika nzima. Uvujaji mdogo hauna haraka.

Nilihangaika na tairi ya nyuma kushoto iliyokuwa ikipoteza PSI 2 kwa wiki. Mafundi watatu waliitumbukiza kwenye karai la maji, wakaizungusha, wakaniambia ni nzima. Walikuwa wakisema kweli, maana kwenye karai haikutoa hata tone la hewa. Siku moja nikiwa nimepiga magoti na chupa yangu ya sabuni, nikaliinamisha shina la valvu kwa kidole kuelekea nje. Chini kabisa, pale mpira unapozama kwenye rimu, likatokea povu dogo kama punje ya mtama. Nikaachia kidole, likakoma. Nikainamisha tena, likakua mpaka saizi ya dengu, likapasuka. Mpira wa valvu ulikuwa umechanika kwa uzee, na ulikuwa ukifunguka gari likikimbia tu. Valvu mpya ilimaliza kesi ya miezi miwili.

Kwa hiyo inamisha valvu pande zote nne kabla ya kusema haina shida. Na kila unapofunga tairi mpya, dai valvu mpya. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na tairi.

Povu likitokea mdomoni mwa valvu, kisindano cha ndani kimelegea au kimechakaa. Fundi yeyote wa pancha ana kifaa cha kukikaza au kukibadilisha kwa dakika moja. Povu kwenye mzingo wa rimu maana yake kuna kutu au rimu imepinda kwa shimo. Tairi itolewe, rimu isuguliwe au inyooshwe. Msumari kwenye sehemu inayogusa lami unazibika. Tundu la ubavuni halizibwi, hata fundi akikuapia. Ubavu hujikunja kila mzunguko, na kiraka hakitadumu mahali panapojikunja.

Onyo jingine, na hili nalisema kwa uzito. Tairi iliyokimbizwa ikiwa imelala, hata kilomita moja, usiijaze na kuondoka. Itolewe kwenye rimu ikaguliwe ndani. Ukikuta unga mweusi wa mpira humo, ubavu umejisaga. Kwa lori, basi na matatu kubwa hatari ni zaidi, kwa kuwa presha zao ni kubwa na tairi iliyojisaga inaweza kupasuka ubavuni wakati wa kujazwa, mbele ya uso wa fundi.

## Hatua ya 7: Usisahau spea

Mara moja kwa mwezi. Spea kamili ipe presha ya juu kabisa iliyo kwenye stika, kwa sababu kupunguza barabarani ni rahisi kuliko kuongeza. Spea nyembamba ya muda huhitaji kPa 420, yaani PSI 60, na haipaswi kupita kilomita 80 kwa saa. Nimewaona madereva Southern Bypass usiku wakifunga spea isiyo na upepo badala ya tairi isiyo na upepo.

## Taa ya tairi kwenye dashibodi

Ni ile ya rangi ya manjano, umbo la tairi lililokatwa lenye alama ya mshangao ndani. Magari mengi yaliyotumika Japani hayana kabisa, kwa sababu Japani haikuifanya ya lazima. Marekani na Ulaya ziliilazimisha.

Kama gari lako linayo, usiifanye kuwa kipimo. Kwa kanuni ya Marekani, taa hutakiwa kuwaka presha ikiwa imeshuka kwa asilimia 25. Tairi ya 33 itakuwa imefika karibu 25 ndipo uonywe. Muda wote kabla ya hapo umekula mafuta na mabega ya tairi kimyakimya.

Ikimulika kwa dakika moja hivi kisha ikabaki imewaka, tatizo ni la mfumo wenyewe, mara nyingi betri ya kihisio kilicho ndani ya gurudumu. Magari mengine hayana kihisio hicho, hulinganisha kasi ya magurudumu. Hayo ni lazima ubonyeze kitufe cha kuyaweka upya kila umalizapo kujaza, la sivyo yatakariri kosa kama ndicho kiwango.

## Ukitoka Nairobi

Kwa safari ndefu au mzigo mkubwa, jaza kwa mstari wa pili wa stika asubuhi ya kuondoka. Ukirudi na kushusha mzigo, rudisha.

Kuna jambo la kushuka Mombasa ambalo huwachanganya watu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya nje husukuma kwa PSI 12 hivi. Pwani ni 14.7. Geji husoma tofauti kati ya ndani na nje, kwa hiyo kushuka peke yake huipunguza namba kwa karibu PSI 2.7. Joto la Pwani nalo huipandisha kwa PSI 1 au 2. Mara nyingi vinafutana kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo usiongeze wala kupunguza Mtito Andei kwa sababu mtu amekwambia Pwani ni moto. Fika, lala, pima asubuhi tairi zikiwa baridi, ndipo uamue.

Kuhusu naitrojeni inayouzwa kwenye maduka ya tairi: hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Haidhuru ukiweka, lakini haikuondolei kazi ya kupima, na hakuna ubaya kuongezea hewa ya kawaida juu yake ukiwa mbali na duka.

Ukianza Jumapili hii, andika namba nne hata kama huna kompresa bado. Jumapili ya pili andika tena. Ikiwa moja imeachwa nyuma na wenzake, chukua chupa ya sabuni, na uanzie kwenye valvu.